Niliyoyaacha Kwenye Ushuhuda

Jumapili, 4 Mei

Mama Cate mpendwa, nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo huko Kitale, na Cate hajambo? Goti lako linaendeleaje na hiyo baridi? Mimi sijambo, nashukuru, isipokuwa mguu huu nitakaokueleza.

Hii si barua ya siku moja. Kwenye simu laini hukatika kila tukifika penye maana, na Dancan, dereva mwenzangu wa shirika huku Juba ninayekaa naye chumba kimoja, husikiliza huku amejifunika shuka akijifanya amelala. Kwa hiyo nitakuandikia kidogo kidogo msimu wote wa mvua, na Dancan akienda likizo atakuletea.

Mguu wenyewe ni wa kulia. Maumivu huanzia ndani ya kalio, yakashuka nyuma ya paja kama waya uliotiwa moto, yakapita kwenye kigimbi hadi kidole gumba. Leo kanisani tulipiga magoti kwa sala ya toba, na watu walipoinuka mimi nilibaki chini. Nilishika benchi, nikajaribu, nikashindwa. Mzee wa kanisa, mbele ya watu wote, kama ng'ombe aliyenasa matopeni. Mama mmoja wa ibada yetu ya Kiswahili, Keji, mjane anayeuza mboga mtaa wa Juba Na Bari, akaja akaniinua kwapani. Akaninong'oneza, "Malesh, muze. Hata mimi iko na hiyo." Malesh ndiyo pole ya huku. Nilimshukuru, lakini sikumtazama usoni.

Jumatano, 7 Mei

Rejaf kwenda na kurudi. Mvua. Mashimo. Niliendesha nikikalia upande mmoja kama mama anayebebwa kwa boda.

Jumatatu, 12 Mei

Keji alinielekeza kwa mtaalamu wa viungo wa hospitali anayemtibu yeye, nikaenda bila kumwambia Dancan. Nilidhani nitakutana na daktari mwenye mvi. Ni msichana, Viola, umri wa Cate au zaidi kidogo. Alikulia Uganda wakati wazazi wake walipokuwa ukimbizini, kwa hiyo Kiswahili anakijua. Aliniambia nisimame nimpe mgongo. Kisha akauliza mfukoni mwa nyuma kuna nini.

Unajua noti za huku hazitoshi kwenye pochi. Hata za kununulia sabuni hufungwa kwa mpira, na dereva lazima awe nazo za safari. Mimi huziweka mfuko wa kulia tangu nilipokuja Juba. Viola alilishika lile bunda akalipima kwa mkono. "Mzee, umekuwa ukikalia tofali." Alisema kuna mshipa mrefu wa fahamu unaotoka kiunoni, unapita chini ya misuli ya kalio, unashuka mguu mzima. Mimi niliubana kwa tofali na kwa kukaa kwenye gari siku nzima, na misuli ya nyonga ikakazana juu yake, tena ikapoteza nguvu kwa kutotumika. Hakuna cha kupasua. Ni kuinyoosha na kuitia nguvu, kila siku, bila kuruka.

Hapo nikafurahi. Furaha ikaisha aliponifungulia mlango wa chumba cha mazoezi. Mikeka imetandikwa, wamelala akina mama tu, wanaume hamna, na Keji ni mmoja wao. Nikaambiwa nilale chali katikati yao.

Zoezi la kwanza: kifundo cha mguu mbovu unakiweka juu ya goti la mguu mzima, kisha unalivuta paja kifuani mpaka kalio linavutika kwa ndani. La pili unalala ubavu, magoti umeyakunja, unafungua goti la juu polepole kama anayefungua kitabu. Hayo niliyavumilia. La tatu, unakunja magoti, nyayo chini, unainua makalio juu, unayakaza, unabaki hapo. Mama Cate, nilikuwa na ile suruali ya kanisani. Ilipasuka katikati, na ilisikika. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Keji akavua lawa yake, kile kitambaa wanachofunga begani, akanirushia bila kunitazama, nikajifunika.

Sitarudi.

Ijumaa, 16 Mei

Nimerudi. Nimeshindwa kukanyaga breki bila kutoa sauti, na abiria wangu akauliza kama naumwa. Dereva anayeumwa hurudishwa nyumbani.

Jumanne, 27 Mei

Viola anasema tubaki juu kwa muda, kisha tushuke polepole. Sipendi kuhesabu, kwa hiyo nasali Baba Yetu moyoni. Wiki iliyopita nilianguka kwenye "litukuzwe". Leo nimefika "riziki yetu". Keji amegundua midomo yangu inachezacheza, ameniuliza, nikamwambia. Sasa na yeye anasali hivyo hivyo. Ananishinda, yule mama. Anafika amina na bado yuko juu, ananitazama pembeni kama mtu aliyeshinda karata.

Bunda la noti sasa nalitia kwenye droo ya gari.

Jumapili, 8 Juni

Nililala usiku kucha bila kuamka. Nimekuwa nikifanya mazoezi pia asubuhi chumbani, Dancan akienda kuoga. Leo amerudi kuchukua sabuni akanikuta chali, makalio hewani, macho nimefumba. Nikamwambia naomba. Akasimama pale mlangoni na taulo lake. "Mzee Rufus," akasema, "siku hizi mnaomba mkiwa mmelala?" Amenicheka kutwa nzima. Nimemsihi asiseme kanisani. Tangu leo nafunga mlango kwa komeo.

Jumapili, 6 Julai

Mchungaji aliwaita wagonjwa mbele, nikaenda. Akaniwekea mkono kiunoni, kanisa zima likaomba. Nilisikia joto, sisemi uongo. Nililia.

Jumapili, 13 Julai

Tangu maombi yale sijaumwa hata mara moja, na wiki hii kazi haikuniruhusu kwenda kwa Viola. Leo Mchungaji akaniita nitoe ushuhuda.

Nilisema mnaona nilivyokuwa nashindwa kuinuka. Nikapiga magoti, nikainuka bila kushika kitu. Akina mama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakaitikia. Nikarudia tena, safari hii sikuwa nimeombwa. Kisha Mchungaji, kwa furaha tu, akauliza, "Na zile hospitali?"

Nilimwona Keji benchi la tatu. Nikaona mikeka, nikaona suruali yangu, nikaona watu wakimwazia mzee wao akiwa chali kati ya akina mama. Nikajibu, "Niliacha. Yesu alitosha."

Na asubuhi hiyo hiyo, Mama Cate, kabla ya kuvaa koti, nilikuwa sakafuni nyuma ya komeo. Nilifika amina.

Jumatatu, 14 Julai

Ulilia kwa furaha kwenye simu nilipokusimulia ushuhuda. Umesema umeshawasimulia akina mama wa ushirika, na dada Christabel anayeumwa kiuno ameomba umwelezee mara mbili. Nilitaka kuongeza neno, nikauliza habari za mahindi.

Jumamosi, 19 Julai

Kwa Viola siendi tena. Mtu aliyesema ameacha hawezi kuonekana pale. Mazoezi nafanya chumbani, yote, kila siku. Mguu uko vizuri.

Jumatano, 30 Julai

Safari ya Lemon Gaba. Gari lilikwama mpaka jioni. Nililisukuma na vijana, mguu haukulalamika.

Jumapili, 10 Agosti

Keji hakuja kanisani tena. Nilijiambia ni mvua.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimekutana na Viola dukani. Nilitaka kupita, akanisalimia. Akaniuliza kama namwona Mama Keji, kwa sababu ameacha mazoezi tangu katikati ya Julai, na alikuwa bado hajafika mahali pa kuacha. Alimpigia simu, Keji akamjibu kwamba kanisani kwao wamepata njia bora.

Nikasema labda ni mambo ya imani. Viola hakukasirika. "Mimi pia naomba, mzee. Asubuhi naomba, halafu nakuja kazini." Akaniuliza mguu wangu. Nikasema ni mzuri. Akasema, basi unaendelea na mazoezi, maana huo usingekuwa mzuri hivyo bila hayo. Hakuuliza, alisema tu. Nikajifanya kuangalia bei ya mchele.

Jumanne, 19 Agosti

Mvua. Mto umepanda. Sijaenda kumwona Keji. Kesho.

Alhamisi, 21 Agosti

Leo nitaandika mpaka nimalize.

Tulitumwa mimi na Dancan kupeleka maturubai karibu na mto, kwa watu walioingiliwa na maji. Wakati wa kurudi nikamwambia Dancan tupitie Juba Na Bari. Jirani wa Keji alituonyesha nyumba. Alisema ni yeye anayempelekea kisra, mkate mwembamba wa huku, na maji ya kunywa, kwa kuwa huyo mama hatoki.

Dancan akabaki garini. Nilibisha hodi, sauti ikaniambia niingie tu, mlango haufungwi kwa sababu yeye hawezi kuinuka kuufunga. Mama Cate, maji yalikuwa yameingia usiku wa kuamkia leo. Yameshapungua lakini sakafu bado tope. Kitanda anacho, hawezi kukipanda. Alikuwa kwenye mkeka uliolowa, amelalia ubavu, amejifunika ile lawa. Ni ile ile, naijua kwa maua yake. Nayo ilikuwa imelowa.

Alitaka kukaa ili anipokee vizuri, nikamzuia. Nikamwuliza imekuwaje. Akaniambia siku ile ya ushuhuda alienda nyumbani akalia, kwamba yeye na mimi tulikuwa na ugonjwa mmoja, mkeka mmoja, na mimi nikaweza kuacha. Akajiona yeye ndiye mwenye moyo mdogo. Akaona kila akinyanyua makalio asubuhi ni kama anamwambia Mungu, sikuamini. Kwa hiyo akaacha. Maumivu yakarudi, akayavumilia. Akaendelea kuinua vikapu vya mboga kama mtu mzima aliyepona, maana aliyepona ndivyo anavyofanya. Siku moja akainua, akasikia kitu kama kamba imekatika.

Akanionyesha mguu. Akajaribu kuinua vidole vya mguu vije juu. Havikuja. Unyayo ulining'inia tu.

Kisha akanishika mkono. Maneno yake nayaandika kama alivyoyasema. "Niombee, muze. Wewe Mungu anakusikia. Pengine mimi iko na dhambi ambayo sijaitubu, ndiyo inazuia."

Nikapiga magoti kwenye lile tope. Nilipiga magoti vizuri, mguu haukuniuma. Nikamwombea. Niliomba kwa sauti, maneno mengi, na katika maneno yote hayo hakuna hata moja la kumwambia yeye. Nikasema amina, nikainuka bila kushika kitu, na yeye akaliona hilo. Akasema, "Unaona? Unaona jinsi alivyokufanyia." Alikuwa anafurahi kwa ajili yangu.

Tulimbeba mimi na Dancan mpaka kwenye gari, nikampigia Viola, tukampeleka hospitali. Viola alipouona ule unyayo akaenda kumwita daktari. Sheria ya gari hairuhusu abiria wa nje. Dancan alisema tukiulizwa aulizwe yeye.

Njiani kurudi aliniuliza kitu kimoja tu: "Mzee, hukumwambia kuhusu komeo?"

Ijumaa, 22 Agosti

Sijamwambia.

Jumamosi, 23 Agosti

Nimempelekea uji na shuka kavu. Alikuwa na wageni. Sijamwambia.

Jumapili, 24 Agosti

Kanisa liliombea mguu wa Keji. Niliombwa niongoze, kwa kuwa nina neema ya jambo hilo. Nikaongoza.

Leo asubuhi sikufanya mazoezi. Nilidhani kwa kuyaacha nitakuwa nimesema kweli kidogo. Huo nao ni upuuzi. Jioni mguu ulianza kuvuta, nikayafanya.

Jumatano, 27 Agosti

Nimemwambia. Viola alikuwa amemaliza kumnyoosha mguu na kumfunga kifaa cha kushikilia unyayo usining'inie, akatoka. Nikavuta kiti. Nikamwambia sikuacha hata siku moja, na asubuhi ya ushuhuda nilikuwa sakafuni. Nikamwambia niliona aibu ya mkeka. Sikusema shetani alinijaribu. Nilikuwa nimepanga kusema hivyo, ila nilipofika hapo nikaliacha.

Aliutazama ule mguu, si mimi.

"Kwa hiyo kila asubuhi wewe ulikuwa unanyanyua," akasema, "na mimi nimelala nangoja."

Nikasema ndiyo.

"Na siku ile ya maji ulikuja ukaniombea."

Nikasema ndiyo.

Akageukia ukutani. Nilidhani nimefukuzwa, nikainuka. Akasema bado akiwa amegeuka, "Usiniambie mimi peke yangu. Ule uongo hukuniambia mimi peke yangu."

Jumamosi, 30 Agosti

Nilimwendea Mchungaji. Ni mtu mwema. Akasema Mungu amenisamehe, akaogopa nikisimama mbele wachanga wa imani wataanguka. Akanishauri nimalizane na Keji faraghani. Nilimwambia Keji ndiye aliyekataa faragha. Akasema basi, ila nisiseme maombi ni bure. Nikamwambia hilo sitalisema kamwe, kwa sababu siliamini. Mungu alinipa Viola na nyonga inayofundishika, na mimi nikamsifu kwa kitu kingine ambacho hakukifanya. Nimemsingizia Mungu, Mama Cate. Mtu akisingiziwa wema bado amesingiziwa.

Jumapili, 31 Agosti

Nilisimama. Nilipoanza tu mvua ikashuka juu ya mabati. Nilisema yote, mkeka, akina mama, suruali, komeo, jibu langu. Nilipomaliza niliona watu wa nyuma wanaulizana. Mchungaji akaniashiria nirudie, hawakusikia. Nikarudia kwa sauti ya juu, kila neno, kama mchuuzi wa sokoni. Hakuna kigelegele. Baba mmoja akatoka nje kwenye mvua. Mama mmoja kati ya wale wa mkeka alikuwa anatazama viatu vyake, na nadhani alikuwa ananionea aibu mimi.

Baada ya ibada wazee wenzangu waliniambia nipumzike kwanza kukaa mbele. Nimekaa benchi la nyuma. Pale nyuma mvua inanyesha ndani kidogo.

Jumapili, 7 Septemba

Keji ameruhusiwa kutoka. Jirani amempa chumba kisichoingia maji. Amenitumia ujumbe kupitia Dancan: kama nataka kumwombea nije asubuhi kabla ya kazi, na mkeka wangu.

Jumatano, 10 Septemba

Alitandika nje, mbele ya mlango, kando ya njia ambako watu wote hupita kwenda mtoni na sokoni. Nikamwuliza kama ndani hakuna nafasi. Akasema ndani kuna nafasi. Basi nikalala chali pale nje, kwenye suruali ya michezo niliyoazima kwa Dancan, nikainua makalio. Akina mama wa ndoo walisimama. Mmoja akauliza kwa Kiarabu cha huku, na Keji akamjibu maneno mengi, wote wakacheka mpaka maji yakamwagika. Sikuomba nitafsiriwe. Yeye pia alicheka kidogo.

Tunafanya yote. Kifundo juu ya goti, ubavu, kuinua. Kwake Viola ameongeza la kujaribu kuvuta vidole vya mguu juu, hata kama haviji, kuukumbusha mguu. Tunasali Baba Yetu kwa sauti, wote wawili, na anayechoka anashuka. Leo, siku ya kwanza, hakufika popote.

Jumatatu, 15 Septemba

Kidole gumba kimesogea. Yeye anasema, mimi sikukiona. Viola anasema mguu unaweza kurudi wote, au unaweza kubaki wa kuburuta. Yeye mwenyewe hajui, na hakuna mwingine anayejua.

Keji haniiti tena muze. Ananiita Rufus. Sijui kama hiyo ni nafuu au ni hukumu.

Ijumaa, 19 Septemba

Asubuhi leo, chini ya manyunyu, alibaki juu mpaka "utupe leo riziki yetu", akashuka. Nami nikashuka hapo hapo. Kisha akaniambia niende, nitachelewa kazini.

Jumapili, 21 Septemba

Dancan anasafiri kesho kwa basi, na haya yote anakubebea. Sikuyafunga kwa gundi, kama atayasoma njiani ni sawa, mengi anayajua.

Juzi kwenye simu nilikuambia umwambie dada Christabel asiache kwenda kwa anayemtibu kiuno. Ukaniuliza kwa nini, laini ikakatika, na mimi nikashukuru ikakatika. Sasa unajua kwa nini. Ulisimulia ushuhuda wangu kwa akina mama wengi, na Christabel alitaka kuusikia mara mbili. Hata Keji aliusikia mara mbili, maana nilipiga magoti mara mbili.

Naomba uende kwa Christabel kabla hujapika, kabla hujaniandalia hata neno la kunilaumu, ambalo nalistahili. Msomee ukurasa wa tarehe 13 Julai na wa 21 Agosti. Mtazame akisimama. Mtazame nyayo zake. Halafu niandikie kama ameacha au hajaacha, na kama kuna mwingine aliyeacha.

Nijibu upesi, Mama Cate.

Mumeo,
Rufus